Siku Tulizoitwa Bakontakti

Huko Kayna, kwenye harusi ya rafiki yangu, nilipewa kikombe nikaonyeshwa meza ya vinywaji. Juu ya meza ilikuwa ndoo nyeupe ya plastiki, ile yenye kibomba kidogo chini, na ubavuni mwake kulibaki gundi ya karatasi iliyobanduliwa. Ndani walikuwa wametia maji ya marakuja na sukari. Watoto walipanga mstari, wakafungua kibomba, wakajaza, wakanywa, wakarudi tena mwisho wa mstari huku wakisukumana. Mimi nilishindwa. Nilisimama na kikombe kitupu mpaka mama wa bibi harusi akaniuliza kama ninafunga. Nikamwambia ndiyo, ninafunga. Mkono wangu ulikuwa umekataa tu kukigusa kile kibomba, na sikujua jinsi ya kumweleza hilo mama wa watu siku ya furaha yake.

Sisi tuliokuwa watoto Butembo na Beni wakati wa Ebola tunazijua ndoo zile. Zilikuwa mlangoni pa kila duka, kanisa, msikiti na shule, na maji yake yenye klorini yalitukausha mikono ikawa kama ya bibi zetu. Kwa wengi wenu ndoo ilikuwa kitu cha kupita: unanawa, unaingia. Kwetu ilikaa ndani ya lango siku ishirini na moja, nasi tukakaa nayo.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Mariamu, ambaye sisi tulimwita mama mudogo. Aliolewa Beni, akauza vitenge karibu na soko, na akicheka alikuwa anafunika mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika. Alipougua, mama alitubeba mimi na kaka yangu mdogo, Shabani, tukapanda gari asubuhi ileile. Mimi nilikuwa nasoma mwaka wa nne wa shule ya msingi. Shabani alikuwa na miaka minne, mtoto wa kuongea mpaka watu wanaziba masikio. Baba alikuwa safarini Kamango na Fuso yake, amekwenda kupakia kakao.

Kwa mama mudogo tulikaa siku nne. Walisema ni malaria, kisha wakasema ni sumu ya mwenye wivu wa biashara. Nyumba nzima ilikuwa na chandarua kimoja, tukamwachia mgonjwa. Sisi tulilala chini kwenye mkeka, na mbu wa Beni, ambako kuna joto kuliko kwetu milimani, walitula usiku kucha. Nakumbuka nikijikuna miguu mpaka inatoa damu, na mama mudogo akiniambia kutoka kitandani kwa sauti ndogo, “Pole, Zai. Bambu ba huku habana haya.” Shabani alikuwa akipanda kitandani kwake anamlalia kifuani, na hakuna aliyemkataza. Mtoto anampenda mama yake mudogo, utamkataza vipi?

Alikufa siku ya tano, alfajiri. Mama na wanawake wawili wa msikitini wakamwosha kama inavyotakiwa, kabla ya watu wa afya, waliozika maiti wote siku zile, kufika na mavazi yao ya kujikinga. Walipofika walikasirika. Walimpima maiti mdomoni, wakaandika majina yetu sote, wakamzika wao. Kesho yake tulirudi Butembo.

Siku mbili baadaye msichana mmoja alisimama langoni na fulana juu ya kitenge, daftari mkononi. Hakuingia wala hakutoa mkono.

“Mama Zaituni, habari ya asubuhi. Miye ni Masika, binti ya ule mama anauzaka maharagi pale chini.”

“Nakujua,” mama alisema.

“Kipimo ya Beni imetoka. Ilikuwa Ebola. Pole sana, mama.”

Mama alikaa chini palepale kwenye udongo. Ya Masika alingoja. Ndivyo nilivyomwita tangu siku ile, Ya Masika, kama unavyomwita dada mkubwa, ingawa sidhani kama alikuwa amefika miaka ishirini na miwili. Alipoona mama ameinua uso, aliendelea polepole: “Kila asubuhi nitafika. Nitapima moto ya mwili, nitauliza kama mutu anatapika, kama kichwa inauma. Ni siku makumi mbili na moja. Donc musisafiri, musiende soko, batoto babaki ku nyumba.”

“Sisi hapana bagonjwa,” mama alisema.

“Najua, mama. Muko bakontakti tu.”

Hilo neno nililijua, au nilidhani ninalijua. Mimi ni mtoto wa dereva. Kontakti ni pale unapotia ufunguo: unazungusha, taa nyekundu zinawaka, na injini bado imelala. Baba alikuwa akiniruhusu nizungushe ufunguo wa Fuso mara ya kwanza, kisha ananiambia, “Simama hapo! Ukizungusha tena, inawaka.” Kwa hiyo nilipomsikia Ya Masika, nilielewa yote kwa mara moja, na nilielewa vibaya. Mama mudogo alikuwa ametuwekea kontakti. Ugonjwa ulikuwa ndani yetu, umelala, taa zake zimewaka. Kilichobaki ni mtu kuuzungusha.

Sikumwuliza mtu. Mama alikuwa halii wala haongei, utamwuliza nini?

Walikuja kutuchanja siku ya tatu, uani kwa jirani aliyekubali kuwapa nafasi. Mama alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Mwanamke mmoja kutoka barabarani alipiga kelele kwamba sindano ile ndiyo inaua, mama akamgeukia: “Mudogo wangu hakupata hii sindano, na amekufa.” Shabani alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilitoa mkono nikiomba moyoni kwamba dawa hiyo iwe ya kuzima.

Kisha zikaanza siku zenyewe. Parseli yetu, yaani kiwanja chetu, ilizungushiwa mabati ya zamani, na ndani mlikuwa nyumba ya vyumba viwili, choo, jiko la mbao na mgomba mmoja usiozaa. Nilikuwa nimeishi humo tangu nizaliwe, sikuwahi kuona ni padogo. Sasa nilipahesabu: hatua kumi na nane kutoka mlangoni mpaka langoni. Hakuna aliyetufungia kwa kufuli. Tulifungwa na macho ya watu. Nilipotoka mara ya kwanza na bidoni kwenda kuchota maji kwenye robine, bomba la jirani, wanawake waliokuwa kwenye foleni waliinua bidoni zao na kuondoka wote, na maji yakaendelea kumwagika bila mtu. Nilirudi bila kuchota. Tangu siku ile Mama Kavugho, jirani wa kushoto, akawa anaweka bidoni mbili langoni, anagonga bati mara moja, anaondoka. Nilikuwa nikifungua naona mgongo wake tu. Nilimchukia kwa kunionyesha mgongo. Imenichukua miaka kuelewa kwamba katika barabara nzima ni yeye pekee aliyetukumbuka.

Asubuhi nilisikia kengele ya shule yangu. Mchana nilisikia wenzangu wa madrasa wakipita, na mara mmoja wao akaimba jina langu na neno Ebola pamoja, wengine wakacheka wakakimbia. Adhana ilituita mara tano na hatukuweza kwenda. Siku nyingine mji ulifungwa, ville morte, maduka yote kimya, na milio ya risasi ikasikika upande wa milima. Siku hizo nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu kila mtu alikuwa amefungwa kama sisi.

Lakini kufungwa kubaya zaidi kulikuwa ndani ya kufungwa huko, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Nilimkataza Shabani kukimbia. Nilimkataza kuruka, kupigana, kucheka sana. Akikaa juani nilimvuta kivulini. Nilimwambia, “Ukipata moto, inawaka,” naye akaniuliza, “Nini inawaka?” nikamwambia, “Nyamaza tu.” Masikini alikuwa anakaa kwenye kizingiti mikono magotini kama mzee anayesubiri mshahara wa pensheni, akiongea peke yake, kwa sababu midomo sikuweza kumkataza. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, uso ukutani. Alipika, aliswali, akarudi ukutani. Shabani alikuwa analala kwangu.

Siku ya kumi baba alikuja. Alikuwa amefika mjini, na kwa kuwa hakuwepo Beni, hakuwa kontakti, walimwambia asiingie. Alisimama nje ya bati, nasi ndani. Palikuwa na tundu la msumari, na kupitia tundu hilo niliona kifungo cha shati lake.

“Mama Zaituni,” aliita kwa sauti ya chini, “kesho asubuhi naleta gari hapa. Munapanda nyuma, naweka turubai, tunaenda Kayna kwa mama yako. Kule hakuna mutu atawaonyesha kidole.”

Mama alitoka chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu Beni nilisikia sauti yake ya zamani.

“Na kama iko ndani yetu?”

“Haiko.”

“Nani amekuambia haiko? Baba Zaituni, sikia. Mariamu nilimuosha na hii mikono. Nikifika Kayna, mama yangu atanikumbatia, utamuzuia? Kisha yeye njo anakufa. Nitazika mudogo wangu na mama yangu mwezi moja?”

“Mais hapa munateseka.”

“Tunateseka, ndiyo. Siendi.”

Niliona kifungo kikipanda na kushuka. Nilitaka kumwambia mama akubali, kwa kuwa nilikuwa nakufa kwa hamu ya kutoka, lakini nikawaza: gari la baba, barabara ile ya mashimo, kutikisika namna ile siku nzima. Ingewaka tu.

Siku ya kumi na moja jioni nilichoka kuwa mlinzi. Shabani alikuwa ametengeneza mpira wa mifuko ya plastiki, ananitazama bila kuomba. Nikamwambia, “Haya, kidogo.” Tulicheza mpaka jasho likatutoka. Alipiga mpira ukagonga bati, bati likalia, akacheka mpaka akaanguka chini, na mimi nikacheka naye. Mama alitoka akatutazama akiwa ameegemea mlango. Sikumbuki jioni nyingine tamu kama hiyo katika siku zile zote.

Asubuhi yake nilishtushwa na mguu wa Shabani. Ulikuwa umenigusa, na ulikuwa wa moto kama sufuria.

Naomba wasomaji wangu, ninyi ambao mlikuwa watoto pamoja nami, msinihukumu haraka. Nilijua nilichofanya. Nilimruhusu acheze, na sasa imewaka. Nilijua pia kinachofuata: Ya Masika atapima, atapiga simu, litakuja gari jeupe, na watu wote barabarani walikuwa wanasema kwamba kule kwenye kituo cha Ebola unaingia na miguu yako na kutoka ndani ya mfuko. Nilikuwa nimemwona baba mara nyingi Fuso ikichemka kwenye mlima: anasimama, anafungua mbele, anaimwagia maji mpaka itulie, kisha safari inaendelea. Nikaenda nje, nikalowesha kitambaa kwenye bidoni ya Mama Kavugho, maji ya Butembo ya asubuhi, baridi kama barafu. Nikamfuta kichwa, paji la uso, shingo. Nikamfuta tena na tena. Alitetemeka, lakini alinitazama na macho makubwa bila kulia.

Ya Masika alipofika nilimleta langoni nikiwa nimemshika mkono. Alinyoosha kile kipimo chake kwenye paji la uso, kikalia, akaandika.

“Iko muzuri,” alisema. Kisha: “Zai, juu ya nini nywele yake iko maji?”

“Nilimunawisha.”

“Na ile baridi?”

“Anapendaka.”

Alinitazama. Kisha akapima mama, akanipima mimi, akaenda.

Mchana homa ilishuka yenyewe. Shabani alikula ndizi nusu, akaongea kidogo. Jioni mama alimpapasa shingo akaona hana kitu. Nikalala nikiamini nimeweza. Siku ya kumi na tatu alfajiri ilirudi, kali kuliko ya kwanza. Nikafanya vilevile. Safari hii hakusimama vizuri, nikamwegemeza kwenye ubavu wangu, nikamwambia Ya Masika kwamba ana usingizi. Kipimo kikalia. Akaandika. Alikawia kidogo langoni kabla ya kuondoka, akaniuliza kama nimekula, nami nikamwambia nimekula.

Siku ya kumi na nne nilirudi na kitambaa nikakuta macho ya Shabani yameangalia juu na meno yameumana, mkono mmoja unajipigapiga wenyewe kwenye godoro. Nilimwita. Nilimwita tena. Hakuwa akinijua. Hapo ndipo nilipopiga ukelele, na mama akaja mbio kutoka chumbani, akamnyanyua, akasema, “Huyu mutoto anaungua! Tangu lini? Zai, tangu lini?”

Nilisema, “Sasa hivi tu.”

Hilo ndilo neno nililobeba miaka yote. Kitambaa kilikuwa cha mtoto asiyejua. Lakini “sasa hivi tu” nilisema nikijua.

Ya Masika alikuwa amefika langoni. Aliona kila kitu akiwa palepale, na kitambaa mkononi mwangu kinachuruzika. Hakunikaripia. Alichutama ili uso wake uwe sawa na wangu, hatua tatu mbali, akasema, “Zai. Niambie miye. Daktari lazima ajue, ili ajue dawa gani. Ilianza lini?”

“Juzi asubuhi,” nilisema, kwa sauti ambayo mama hakuisikia kwa sababu ya kilio chake mwenyewe.

“Merci,” alisema. Akasimama, akapiga simu.

Mama alikuwa amekaa kizingitini na Shabani mapajani. “Masika, unanipelekea mutoto kufa?”

“Hapana, mama. Hapa njo atakufa. Kule bana dawa, na bana sérum, maji ya ku mushipa. Na unaenda naye. Hakuna mutu atakuachanisha.”

“Apa.”

“Naapa ku jina la mama yangu.”

Mama aliposimama hakulia tena. Alivaa kitenge safi, akajifunga kichwa, akaniambia kuna unga ndani na maharagi, kama vile anakwenda sokoni.

Gari lilipofika, barabara ilijaa watu. Wengine walikuwa wanalia, wengine wanasema hao ni wauaji wanachukua watoto, na mmoja alikuwa ameokota jiwe. Ya Masika alisimama kati ya gari na wale watu, kitenge chake na fulana yake basi, akasema kwa Kinande kisha kwa Kiswahili: “Kama munatupa, tupeni. Mais mutoto apite kwanza.” Wakapisha. Watu wawili wenye mavazi meupe, uso hauonekani, wakamfunika Shabani shuka na kumlaza ndani, mama akapanda. Nilimwona akinitafuta kupitia kioo. Sijui kama aliniona.

Baba alikuja mbio kutoka gereji, suruali yake na grisi. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Alisimama nje ya lango lililo wazi, mimi nikiwa ndani, peke yangu, karibu na ndoo.

“Papa Zaituni,” Ya Masika alimwambia, “ukiingia, na weye nitakuandika. Utahesabu siku pamoja naye.”

“Andika,” baba alisema. Akanawa mikono, akaingia, akafunga lango nyuma yake.

Siku zilizofuata tulikuwa wawili. Baba hakujua kupika. Alisonga bugali la mawe, tukala hivyohivyo. Alikuwa anatembea zile hatua kumi na nane, kwenda na kurudi, mtu aliyezoea kutoka Kasindi mpaka Kayna bila kusimama. Siku ya tatu alichoka akakaa karibu nami kizingitini. Nikaona nimwulize, kwa kuwa mambo ya magari yeye ndiye anayeyajua.

“Papa, kontakti ikisha kuwaka, inaweza kuzimwa?”

“Kontakti ya nini?”

“Ya Shabani. Ile mama mudogo alituwekea.”

Alinifanya nieleze yote. Nikaeleza: ufunguo, taa, injini imelala, mpira, jasho. Katikati alianza kucheka, mabega yanatikisika, na nilipomtazama vizuri niliona si kicheko tena. Alinivuta kifuani, akasema juu ya kichwa changu:

“Mwanangu, kontakti ya bale banganga ni kugusana. Njo hiyo tu. Mutu alimugusa mugonjwa, banamwita kontakti. Hakuna kitu kiliwekwa. Kucheza hakuwashi kitu. Kucheza ni kucheza.”

Angekuwa amenipa nafuu, na kwa dakika moja alinipa. Kisha nikaelewa upande wa pili. Kama hakukuwa na injini, basi maji yangu hayakupoza kitu. Yalificha tu. Nilibaki kwenye mikono ya baba, nimekauka, siwezi kusema hilo lililobaki, na lile lango lililofungwa halikuwa tena la mabati.

Majibu ya kwanza yalikuja: si Ebola. Baba alianguka kifudifudi kwenye udongo. Ya Masika akamwambia lazima wapime tena baada ya siku mbili, tusishangilie bado. Ya pili yakaja: si Ebola. Ilikuwa malaria, ile inayopanda kichwani. Daktari alimweleza mama kwamba mbu walimwuma Beni, zile siku za kulala mkekani, na ikakomaa taratibu wakati sisi tunahesabu siku za ugonjwa mwingine. Kule ndani, wakati wanangoja kipimo, walikuwa tayari wamemtia dawa ya malaria kwenye mshipa. Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Daktari alisema pia kwamba angeletwa siku mbili mapema ingekuwa kitu kingine. Mama alitusimulia hayo baadaye, bila kujua anamsimulia nani.

Siku ya ishirini na moja Ya Masika alinipima mara ya mwisho, akanipa karatasi ya kuonyesha nimemaliza, kisha kwa mara ya kwanza akatoa mkono. Mama Kavugho aliingia mpaka uani, akanipa ndizi, na nikauona uso wake. Baba alisamehewa siku zake zilizobaki, kwa kuwa hakukuwa na ugonjwa wa kungoja tena. Wiki ile ile mama alirudi kwa miguu kutoka barabara kubwa, Shabani mgongoni, amekonda, kichwa kimenyolewa. Mama alimshusha langoni. Shabani alikuwa amenipa mgongo, anatazama mpira wa plastiki uliokuwa bado pale chini ya mgomba.

“Shabani!” niliita.

Hakugeuka. Niliita tena, kwa nguvu. Mama alinitazama, akatikisa kichwa polepole, akagusa sikio lake mwenyewe.

Sikio moja lilikufa kabisa, na la pili linasikia kama mtu aliye ndani ya maji. Alijifunza kusoma midomo. Anaongea bado, kwa sauti kubwa kupita kiasi, watu wanageuka barabarani. Mimi nilikua na kuwa dada anayempeleka kila mtoto wa ukoo kwenye kituo cha afya akipata joto hata la jua. Wananicheka, wananiita daktari. Hakuna aliyejua kwa nini, isipokuwa Ya Masika, ambaye hakusema kamwe. Siku hizi ana maharagi yake mwenyewe sokoni, tunasalimiana.

Niliporudi kutoka harusi ya Kayna nilimkuta Shabani uani anafua shati lake la shule. Nilikaa mbele yake ili aone mdomo wangu. Nikamwambia taratibu, neno moja moja: nilijua una homa. Nilikufuta na maji baridi ili wasijue. Siku mbili. Masikio yako ni juu yangu.

Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza. Alifinya uso, kama mtu anayetafuta kitu mbali.

“Siikumbuki homa,” alisema, kwa ile sauti yake kubwa, hakika majirani walisikia. “Gari siikumbuki. Nakumbuka kitambaa. Kichwa ilikuwa inaniuma sana, kisha weye unakuja na kitambaa, inapoa. Nilikuwa nangojaka asubuhi ifike, ju ya kile kitambaa.”

Alinisubiri kidogo, akaona mdomo wangu hauendi, akakamua shati lake na kunipa upande mmoja nimsaidie kulinyoosha.